Uzi wa Mvumo

Wadha aliondoka adhuhuri ya mwezi wa Juni, saa ambayo pale Ibra, Oman, hata mbuzi hujua kujificha, na hilo peke yake lilimwonyesha Nasor kwamba mkewe hatanii. Alijitanda mtandio juu ya tumbo la miezi saba, akabeba furushi lake la nguo, akaketi kiti cha nyuma cha gari akingoja kupelekwa kwao Al Qabil.  Nasor alijaribu kuanzisha mazungumzo kwa Kiarabu chake cha kujifunzia ukubwani, akayaona kwenye kioo macho ya mkewe yakitazama mitende ikipita, akaacha.

Sababu ilikuwa zeze.

Lilikuwa limetundikwa ukutani chumbani kwa mama yake Nasor, Bi Tamima, juu ya mkeka anaoketi kutwa. Ubao mwembamba wa urefu wa mkono, wenye meno matatu ya kubania nyuzi, na chini yake kibuyu kilichokatwa mdomo. Nyuzi mbili za juu zilikuwa za wimbo, nazo zilikwisha kulegea zamani. Wa tatu ulipita pembeni, upande wa kidole gumba, mnene kuliko wenziwe. Huo haubanwi. Hupigwa mara moja moja, ukavuma chini ya wimbo sauti ile ile toka mwanzo hadi mwisho. Kwao Ujiji, alikozaliwa Bi Tamima na alikozalia wanawe, waliuita uzi wa mvumo.

Kuvuma kwake hakukuwa siri. Jirani yao Yaarub alikuwa na pampu ya dizeli ya kuvutia maji ya shamba, na ilipowashwa adhuhuri ukuta ulitetemeka kidogo, uzi ukaitikia. Nasor alimweleza mkewe hivyo tangu wiki ya harusi, akamshika mkono akamgusisha ukuta. Wadha akaridhika, au akajifanya ameridhika, maana bibi harusi katika nyumba ya watu hana wingi wa maswali. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza iliharibika humo humo ndani, na bado hakusema neno.

Lakini juzi pampu ya Yaarub ilikufa. Mwenyewe aliifungua yote, akavitandaza vyuma vyake juu ya gunia, akakaa katikati yake kama muuza samaki aliyekosa wateja, na kila mpita njia alimwona. Adhuhuri hiyo Wadha alimpelekea mkwewe wali, akausikia mvumo. Bi Tamima alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, anatabasamu.

"Nakusikia, baba," alikuwa akisema. "Kula kwanza. Tutaongea."

Sinia lilimponyoka Wadha, na wali ukamwagika hadi mlangoni.

Baba yake Wadha, Mzee Musallam, alimkaribisha mkwe wake kwa kahawa na tende, akamwuliza habari za kazi, za afya, za mvua iliyokataa kunyesha, yote kwa taratibu, kama adabu inavyotaka. Nasor alipojibu alikosea herufi moja ya kooni, na mzee akairudia vizuri, kwa upole, kama anayemwondolea mtoto unyasi kwenye nguo. Ndipo akaingia kwenye maneno yenyewe.

Alisema wao walimpa binti yao bila kuuliza sana. Watu waliwaambia, huyu ni Zinjibari, wakajibu ni Mwarabu mwenzetu, asili ya baba yake ni hapa hapa. Nasor hakuwahi kuishi Zanzibar hata wiki moja. Kwao ilikuwa bara kabisa, ziwani, mwisho wa reli. Lakini alikwisha kuchoka kulieleza hilo, akanywa kahawa yake. Mzee akaendelea kwamba ala ya muziki ndani ya nyumba ya Muislamu ni jambo moja, na watu wazee wana mazoea yao, angeweza kulifumbia jicho. Ala inayojipiga yenyewe ni jambo jingine.

"Nyumba ikinyamaza, njoo umchukue mkeo," alisema. "Isiponyamaza, mtoto atazaliwa hapa, na wewe utakuja kumtazama kama wageni wengine."

"Nimekuelewa, ami."

"Na mama yako nisalimie. Sina ugomvi naye."

Mzee alikitikisa kikombe chake kuonyesha kahawa imetosha, na Nasor akajua ameruhusiwa kwenda.

Kulishusha zeze lile si kwamba hajajaribu. Aliwahi kumwomba mama yake mara nyingi tu walifunge kabatini, na kila mara alijibiwa swali lile lile: "Amur akija atalikuta wapi?"

Katika ukoo wa Bi Tamima, mtu akisafiri mbali zeze lake hubaki nyumbani. Mama yake hulifunga uzi mpya wa mvumo, na wakati wa kukaza fundo hulitaja jina la msafiri. Tangu hapo uzi ni wake huyo. Hauchezwi, unamngoja. Amur, mtoto wake wa kwanza, alivuka ziwa kwenda Uvira kutafuta mawese, akakaa, akakawia. Mlango wa Oman ulipofunguka kwa watu wa asili yao, baba yao Harub aliuza duka akafunga mizigo, na Bi Tamima akalipakata zeze limeviringwa kanga, toka garimoshi la Kigoma mpaka kwenye ndege. Harub hakuifaidi sana nchi ya babu zake. Alizikwa Ibra kabla nyumba haijapakwa rangi. Wakabaki mama na Nasor, na uzi ukutani.

Mwishowe Amur alirudi Kigoma, akaleta salamu kwamba anataka kuwafuata. Kilichohitajika ni kitu kimoja tu. Nasor aende kwa sheikh wa kabila lao, asimame mbele ya watu, aseme huyu ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, namshuhudia. Lakini Nasor ndiyo kwanza ameajiriwa katika idara ya serikali, ndiyo kwanza anaposa, na watu wa Al Qabil walikuwa wakimkagua kuanzia kilemba hadi viatu. Amur alikuwa mweusi kumpita, Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu, na kazi aliyojulikana nayo Ujiji nzima ilikuwa kupiga zeze ngomani. Nasor alisema atakwenda baada ya posa. Kisha akasema, baada ya nikaha. Aliona haya, basi. Hakuna neno jingine la kulipamba.

Idara ikamtuma Nizwa kwa kazi, na huko sokoni akakutana na Khalaf, mtu wa Kigoma aliyehamia karibuni. Khalaf alimshika mkono, akauacha, akaushika tena. Amur amekufa kwa homa. Amezikwa Ujiji, karibu na bibi yake. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama ndugu yake ameshafika kwa sheikh. Nasor alimsihi Khalaf asikanyage Ibra kwanza, akanunua halua ya kumpelekea mama, akarudi nyumbani.

Wiki hiyo shinikizo la damu la Bi Tamima lilikuwa juu na daktari alikuwa ameonya asishtuliwe, na Nasor akalishika neno la daktari kama mlevi anavyoshika ukuta. Wiki ikawa mwezi. Sasa ilikuwa miaka mitatu. La kuvunda halina ubani, na yeye miaka yote hiyo alikuwa akifukiza tu.

Kwa hiyo mkewe alipomweleza, huku akitetemeka, kwamba zeze limevuma na pampu imekufa, Nasor aliogopa kuliko yeye. Wadha alidhani ni jini. Nasor alijua ni nani.

Siku ya pili ya kumpeleka Wadha kwao, baada ya sala ya adhuhuri, alingoja mpaka mama yake akalala, akaingia chumbani na kisu cha kukatia mashada ya tende. Alijiambia ni uzi tu. Nyumba itanyamaza, mkewe atarudi, mtoto atazaliwa kwao. Aliyaweka makali ya kisu chini ya uzi na kuyainua, ukakatika kwa mlio mfupi wa chini ambao aliusikia kifuani kuliko masikioni. Bi Tamima hakuamka. Masikio yake yalikuwa mazito siku hizi. Mvumo aliusikia kwa mgongo, akiegemea ukuta.

Alasiri aliamka, akasali ameketi, akaegemea. Mara ile ile akageuka. Alinyanyuka kwa kushikilia dirisha, akalitungua zeze, akavikuta vipande viwili vikining'inia. Nasor alikuwa ameingia na chai.

"Shikamoo, mama."

 Bi Tamima alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ncha ya uzi, pole pole, kama anayepima makali.

"Uzi ukichoka huchambuka," alisema. "Huu haukuchambuka. Umekatwa." Kisha akamtazama. "Habari imefika lini, mwanangu?"

Ndipo likamrudia Nasor jambo la utotoni. Ua wa nyumba ya Ujiji, yeye mdogo ameshikilia kanga ya mama, na mjomba wake akitoka chumbani na wembe, akiukata uzi wa zeze la ndugu yake mbele ya mlango. Na wanawake wakaanza kulia kabla hajafungua mdomo. Uzi wa msafiri hukatwa na ndugu yake, siku habari inapofika. Alilijua jambo hili. Alilipoteza njiani pamoja na majina ya samaki na nyimbo za jando na kila alichoona hakina kazi Oman, na sasa kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemwambia mama yake kitu ambacho mdomo wake ulishindwa miaka mitatu.

"Hakuna habari, mama," alisema. "Nimeukata kwa sababu ya Wadha. Anaogopa, na hali yake ile. Baba yake hataki arudi mpaka nyumba inyamaze."

Hapo hapakuwa na neno lisilo kweli ila lile la kwanza, na Nasor alijichukia kwa kuona jinsi kweli nyingi zinavyoweza kuubeba uongo mmoja.

Bi Tamima akaketi mkekani. "Sina neno na Wadha. Mwenye mimba huogopa kwa wawili. Lakini umemwacha Amur njiani hana uzi." Alilaza zeze mapajani. "Funga mwingine. Mimi mikono yangu haikazi tena. Utaufunga wewe."

Uzi wa mvumo huchaguliwa kwa jino. Bi Tamima aliuma ncha moja, akaushika uzi kwa mkono wa kushoto mpaka ukanyooka, akaupiga kwa kidole cha kulia, akasikiliza kwa mfupa wa taya. Masikio yake yangeweza kukosea. Taya lilikuwa zima.

Nasor alianza na waya wa breki ya baiskeli, maana alikumbuka vijana wa Ujiji wakiutumia. Bi Tamima aliuma, akautoa mdomoni. Alisema huo unalia, hauvumi, na mwenye nao atakuwa mtu wa haraka. Kesho yake akamletea uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mnene kupita wote dukani. Huo hakuupiga hata mara ya pili. Alisema hauna mtu ndani.

Hakusema amegoma kula. Alisema tu hana njaa, akausogeza wali pembeni, akaketi mbali na ukuta. Kila jioni uso wake ulikuwa umepungua kidogo. Nasor alipiga hesabu zake pia, asisingiziwe utakatifu: uzi ukipatikana ataufunga ulegee, usivume kitu. Mama atakuwa na uzi wake na Mzee Musallam atakuwa na kimya chake.

Uzi wa zamani ulikuwa wa utumbo wa mbuzi, kwa hiyo alikwenda kwa mchinjaji. Alipoomba matumbo, mchinjaji alimtazama kanzu yake iliyopigwa pasi, akatazama gari lake, akadhani mambo yamemwendea kombo. Akamfungia bure, na mifupa juu yake ya kuchemshia mchuzi, akamwambia asione haya, Mungu ndiye mtoaji. Wateja waliokuwepo wakageuza nyuso pembeni kwa heshima, jambo lililokuwa baya kuliko kucheka. Nasor aliyaosha, akayapota, akayaanika juani kama alivyodhani inafanywa. Yakanuka nyumba nzima, na alipoyavuta yakakatika kama mkate.

Mtu wa idarani ndiye aliyemwambia aende Sur, mji wa pwani. Watu wa Sur wana tambura, ala yao ya ngomani, nalo hufungwa nyuzi za utumbo.

Nadhir, aliyeelekezwa kwake, alikuwa na duka la nyavu na kamba karibu na soko la samaki, mtu mnene, mcheshi, anayejipepea kwa kipande cha boksi. Babu zake walikuwa manahodha. Yeye, alisema, baharini huenda akialikwa tu. Kiswahili alikuwa nacho, cha pwani, kitamu.

"Mtu wa Ibra kaja Sur kununua utumbo," alisema. "Kiama kimekaribia, jamaa zangu, tubuni." Kisha akauliza kama mtu wa kazi: "Wa kuchezea au wa kutundika?"

"Wa kutundika," alijibu Nasor, na akashangaa kwamba swali lenyewe lipo.

Nadhir aliacha kujipepea. Alirudisha chini nyuzi alizokuwa amezitoa, akaenda nyuma ya duka, akarudi na msokoto mmoja wa rangi ya asali, mnene, uliopotwa kwa nyuzi tatu. Alisema huo haujapigwa na mtu. Uzi uliokwisha kupigwa haufai kumtundikia mwingine, maana una mkono wa mwenyewe. Hakuuliza ni wa nani, wala Nasor hakusema.

Wakati wa kurudi aliuweka msokoto kwenye kiti cha pembeni. Barabara ilikuwa tupu, mchanga mwekundu upande mmoja na majabali upande wa pili, na jua limesimama kichwani. Ghafla akausikia. Alidhani ni injini. Akapunguza mwendo, ukabaki vile vile. Akasimama kando ya barabara, akazima gari, na katika ule ukimya mvumo ukaendelea, wa chini, bila haraka, kama ulivyokuwa ukitoka uani Ujiji jioni wakati yeye ni mdogo na kaka yake anamfundisha kupiga kofi kwa mapigo.

Nasor alishika usukani kwa mikono miwili.

"Nitakwenda kwa sheikh," alisema kwa sauti. "Wallahi, kaka, kesho nitakwenda."

Jasho lilikuwa likimtiririka. Mvumo ulikatika, au yeye aliacha kuusikia. Alipolirudisha gari barabarani alikuwa analia, na alilia mpaka mitende ya Al Kamil ikaonekana.

Bi Tamima aliuma uzi wa Sur, akaupiga mara moja, akafumba macho.

"Huu umewahi kuwa hai," alisema.

Wakaketi mkekani, wawili tu. Nasor aliulowesha uzi kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka ukalainika, akaupenyeza kwenye tundu la mkiani, akaupiga fundo la kwanza. Bi Tamima alikuwa na bua la unyoya wa kuku, amelikata tayari; likawekwa chini ya uzi kuuinua usiguse ubao. Kisha akaukumbatia mdomo wa kibuyu kifuani pake, na Nasor akaanza kuuvuta uzi kwenda kwenye mfuo wa juu. Aliuvuta kidogo, akaanza kuuzungusha.

"Kaza."

"Umekaza, mama."

"Haujakaza. Unaogopa."

Akakaza. Bi Tamima akaupiga kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akamwambia bado. Akakaza tena, mpaka uzi ukamkata kidole, na Bi Tamima alipoupiga safari hii mvumo ulitoka na kujaa chumba, na Nasor akaona kanga ya mama yake ikitetemeka kifuani.

"Hapo," alisema Bi Tamima. "Sasa fundo. Taja jina."

Nasor alikuwa ameshika ncha, mzunguko umeshapita, imebaki kuvuta tu. Neno lenyewe lilikuwa dogo, jina ambalo alilitamka kabla hajajua kutamka lake. Lakini anayetajwa kwenye fundo ni anayengojwa, na Amur alikuwa chini ya udongo wa Ujiji. Alifungua mdomo.  Nje, Yaarub alikuwa ameshaitengeneza pampu. Akaiwasha, ukuta ukaanza kutetemeka.

"Taja jina, Nasor."

Nasor aliufunga mdomo.

"Hulijui jina la ndugu yako?"

 Bi Tamima alingoja. Alingoja kiasi ambacho mama humngojea mtoto aliyekwama kwenye somo, kisha uso wake ukafunguka, ukafungika, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Alifia wapi?"

"Kigoma, mama."

"Nani alimwosha?"

"Sijui, mama."

"Lini?"

"Miaka mitatu."

Halafu akayasema mengine. Aliyasema bila kuulizwa, ya sheikh, ya posa, ya haya aliyoiona kwa rangi ya ndugu yake na kwa zeze lake, ya Khalaf na ya halua. Mama yake aliila ile halua. Alikumbuka jinsi alivyomwombea dua huku akilamba vidole. Hilo pia akalisema.

Bi Tamima hakulia. Aliweka kiganja ukutani.

"Miaka mitatu nilikuwa naongea na nani?"

Chini ya kiganja chake pampu iliendelea kuutetemesha ukuta.

"Nilidhani ananiitikia mimi," alisema. "Kumbe alikuwa akikudai wewe."

Akainua mkono wake, ule aliosema haukazi tena, akaichukua ncha ya uzi kutoka vidoleni mwa mwanawe. Aliivuta kwa nguvu ambayo Nasor hakuijua, akapiga fundo, akalitaja jina.

"Nasor bin Harub."

"Mama, mimi nipo hapa."

"Hupo," alisema Bi Tamima. "Ulitoka siku ile uliporudi na halua. Nitakungoja, kama nilivyomngoja mwenzio."

Ndipo akajifunika kanga usoni, akalia.

Matanga yalikaa siku tatu, kama ya maiti aliyekufa jana. Bi Tamima alitoa sharti moja tu: kila atakayeuliza Amur amefariki lini, Nasor ajibu kweli.

Waliuliza wote. Ndivyo watu wanavyotoa pole; huuliza alikufa na nini, na lini. Nasor aliketi karibu na mlango wa baraza akimimina kahawa, na kila mara alijibu, miaka mitatu, na kila mara mkono uliokuwa ukipokea kikombe ulisita kidogo. Wengine walidhani Kiarabu chake kimekosea, wakamrudishia swali kwa maneno mepesi. Akajibu tena. Wapo waliomaliza kahawa na kuondoka bila kumtazama. Mzee Musallam alikuja siku ya pili, akauliza, akajibiwa.  Mara hii Nasor alikuwa amekosea herufi ile ile ya kooni, na mzee hakuirudia.

Siku ya tatu alikuja sheikh. Nasor aliweka birika chini, akasimama mbele ya watu wote, hakuna aliyemwomba.

"Namshuhudia Amur bin Harub," alisema. "Ni ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Watu wakatazamana. Ushahidi kama huo hutolewa kwa mtu anayetaka kuingia nchini, na huyu hakuwa na pa kuingia tena. Sheikh aliinamisha kichwa, akasema Mungu amrehemu, akamfanyia ishara aketi.

Jioni hiyo Mzee Musallam alimshusha Wadha mlangoni. Hakumleta kwa Nasor. Alisema Bi Tamima amefiwa, na si haki alale peke yake chumbani.

Wadha alikaa. Alimkanda mkwewe miguu, akamlisha kwa mkono, na jioni moja akasikika akimwuliza Amur alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa akicheka hovyo, alijibiwa. Kwa Nasor alizungumza yale ya lazima tu, chumvi, maji, zahanati siku gani. Usiku alilala mkekani kwa Bi Tamima, chini ya zeze, akijipa moyo kwamba lina uzi mpya, uzi wa mtu aliye hai.

Adhuhuri ya Ijumaa Nasor alirudi msikitini akawakuta chumbani, mama ameegemea ukuta, macho ameyafumba, na Wadha anapakua. Yaarub alikuwa bado amesimama njiani na watu wa msikitini. Ufunguo wa banda la pampu ulikuwa mkononi mwake. Nasor aliliona hilo kwa macho yake.

Mvumo ulianza chini kabisa, kisha ukapanda ukutani. Mwiko ukasimama mkononi mwa Wadha. Mkono wa pili ukaenda tumboni.

"Nani huyo?" aliuliza.

Nasor alikuwa amesimama kizingitini, viatu mkononi.

"Ni mimi," alisema.

Bi Tamima hakufumbua macho. Aliusikiliza mgongo wake muda kidogo.

"Bado yuko mbali," alimwambia Wadha. "Lakini mwekee wali."